Wapangaji wa Tumboni

Mtaa mzima ulimsifu Nasibu kwa upole wake. Mtoto gani huyu, walisema, wa miezi saba na hajui kusumbua; akilazwa hulala, akikalishwa hukaa, na mama yake achelewe kazini awezavyo, humkuti amekunja uso. Bi Siwema, bibi yake mzaa mama, alizipokea sifa hizo kama mtu anavyopokea salamu za njiani, anaitikia huku anapita. Alikuwa amechoka. Kulea mjukuu ukiwa umeshapita miaka sitini si lelemama, hata kama mjukuu mwenyewe halii, na magoti yake yalikwisha kubeba mengi kabla ya kuongezewa huyu.

Asubuhi moja alikaa uani kwenye mkeka, mgongo ukutani, Nasibu mapajani na kibakuli cha uji wa mtama kando. Alichota kijiko, akakionja kwa ncha ya ulimi kupima moto, kisha akamtilia mtoto mdomoni. Mtoto aliupokea uji ule, akakaa nao, halafu akauachia ukatiririka kidevuni. Bi Siwema akatafuna kipande cha ndizi mpaka kikawa laini, akakitoa kwa kidole na kumpa, kama mama yake alivyomlisha yeye, na kama yeye alivyomlisha binti yake Tausi. Na hicho kikarudi. Nasibu hakugeuza uso wala hakulia. Alimtazama tu bibi yake kwa macho matulivu ya mtu aliyekwisha kula kwa jirani.

Bi Siwema aliyajua macho yale. Tatizo ni kwamba hakukumbuka ameyaonea wapi.

"Kula, baba," alimwambia. "Kula, bibi yako apate kujinyoosha."

Usidhani Bi Siwema alizaliwa mwembamba. Kabla ya Kinai alikuwa mnene wa kuhadithiwa. Akipanda bajaji, bajaji ilipiga goti. Watu walimcheka kwa mdomo na madaktari wakamgombeza kwa kalamu, na wote waliomwambia apunguze kula hawakuijua njaa aliyokuwa nayo. Haukuwa ulafi. Ilikuwa njaa isiyo na adabu, iliyokaa naye kwenye jamvi, ikainuka naye kwenye jamvi, na kumwamsha alfajiri kabla ya mwadhini. Alifunga, alitembea, alikunywa maji ya ndimu mpaka meno yakaingia ganzi, na mwili ukarudi palepale na sukari ikapanda. Alichoka na mwili wake hata akachoka kuuchukia.

Ndipo kidonge cha Kinai kikaja. Kilitolewa kwa cheti cha daktari tu, kwa watu ambao uzito wao ulikuwa unawaua, kimoja kila Ijumaa. Ndani yake mlikuwa na vijidudu waliofundishwa maabara kazi moja, kukaa utumboni na kupeleka habari kichwani kwamba mwenye nyumba ameshiba. Chakula chao, aina ya sukari isiyopatikana pengine, kilikuja ndani ya kidonge kilekile; ukiacha kumeza, wanakufa na kutoka. Watu wa Lindi hawakujisumbua na jina lao la kitabibu. Waliwaita wapangaji. Na bangili ya mpira iliyopima sukari mkononi na kulia siku ya kidonge, wakaiita mjumbe, kwa kuwa ilijua mambo ya kila nyumba.

Siku ya kuandikiwa, kijana wa kliniki alimwuliza kama anaishi na mtoto mdogo. Alijibu hapana, na hakusema uongo. Tausi alikuwa kwa mumewe Masasi, na tumbo halijaonekana. Hakuna aliyemwuliza kama ana binti aliyeolewa, ingawa Lindi nzima inajua kwamba mimba ya kwanza hurudishwa kwa mama mzazi. Waliotunga maswali yale walikaa mbali, na huenda kwao mwanamke hujifungua kwa mumewe na mambo yakaishia hapo. Tausi alirudi, akajifungua, akatimiza arobaini, kisha mume akapata kazi baharini kwenye mitambo ya gesi na yeye akapata kazi kiwanda cha mwani, basi safari ya kurudi Masasi ikafa yenyewe. Mtoto akabaki na bibi.

Aliambiwa pia asichangie kijiko na mtu. Hilo alilishika vizuri sana. Ila mtoto hakumhesabu kuwa mtu wa kuchangia naye kijiko. Mtoto, kwa Bi Siwema, alikuwa mdomo wake mwenyewe uliohamia mahali pengine.

*

Kliniki walikwenda kwa bajaji isiyo na dereva, ile inayokukaribisha kwa sauti ya mwanamke asiyekuwepo. Tausi alikuwa kazini. Nasibu alipimwa uzito, na Daktari Nandonde akapima tena mwenyewe, kisha akachukua kinyesi kidogo kwenye nepi na kukitia katika mashine iliyokuwa na ukubwa wa chupa ya chai. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye macho mekundu ya kutolala. Mashine ilipomaliza, alimwomba muuguzi atoke na kufunga mlango.

"Bibi, nani anamlisha huyu?"

"Mama yake anamnyonyesha asubuhi na jioni. Mchana ni mimi."

"Unamlishaje?"

Bi Siwema aliona ni swali la kitoto, lakini kwa heshima ya daktari akaonyesha: kidole mdomoni mwake, kidole mdomoni mwa Nasibu. Daktari Nandonde akafumba macho. Alipoyafumbua hakuwa amekasirika.

"Mjukuu wako ana wapangaji," alisema.

Hapo Bi Siwema akakumbuka yale macho ameyaonea wapi. Yalikuwa yake mwenyewe, kwenye kioo, siku yoyote ya pilau. Akamkumbatia mtoto asije akamwangusha. Alisema haiwezekani, mtoto hajameza kidonge hata siku moja, na hata kama wamehamia kwake kwa mate, si waliambiwa kwamba bila kidonge wanakufa?

Daktari alimweleza taratibu. Kwa mtu mzima ni kweli, wanakufa. Lakini kwa mtoto anayenyonya walikuta sukari ya maziwa ya mama, ambayo si mbali na ile ya kidonge. Wa kwanza wakafa, wa pili wakafa, na katika maelfu kwa maelfu wakatokea wachache walioweza kuila, na hao ndio wakazaana. Kila kijiko kilichoonjwa na kila ndizi iliyotafunwa ilileta wengine wa kujaribu. Sasa hawahitaji kidonge tena.

"Kwako wewe ni wapangaji, bibi," alisema. "Kwake wamejenga."

Bi Siwema aliuliza dawa. Daktari akasema kuna njia mbili, na hakuna hata moja nzuri. Ya kwanza, waache kumtafunia leo hii, wamlishe kwa saa, njaa isemwe na kengele badala ya tumbo. Akilishwa hivyo bila kukosa, ataishi.

"Miaka mingapi?"

"Yote. Hatajua njaa ni nini. Siku atakayosahauliwa hatadai."

Njia ya pili ilikuwa dawa ya kuwafukuza. Haijatengenezwa, lakini wataalamu wa makao makuu ya kampuni ya kidonge wangeweza kuitengeneza kwa muda mfupi kama wangekubali kwamba tatizo lipo. Daktari alikwisha kuwapelekea sampuli za watoto wengine wa mtaa ule, na mara zote kampuni ikajibu kwamba hao ni akina mama waliowapa watoto wao Kinai kwa siri. Na kila bibi aliyeulizwa na daktari aliapa kwamba mtoto hampi kitu kwa mdomo wake, maana wote walikumbuka lile katazo la kijiko na wote waliogopa kunyang'anywa cheti. Bi Siwema alikuwa wa kwanza kuonyesha kidole. Mtu mmoja akisimama aseme hadharani jinsi wapangaji walivyohama, kampuni haitakuwa na pa kuponea.

"Na wakikubali?"

"Kinai itasimamishwa nchi nzima siku hiyohiyo. Wewe utaikosa, na kila aliyeandikiwa." Daktari alipandisha mkono wa koti lake jeupe, na pale pakaonekana bangili ya mpira. "Na mimi ninameza, bibi. Sikuambii haya kwa wepesi. Sitakulazimisha, wala siandiki chochote mpaka uniambie mwenyewe."

Njiani kurudi Bi Siwema hakuwafikiria watu wa nchi nzima. Alifikiria njaa. Aliiona imekaa nyumbani inamngoja. Ni aibu mtu mzima kuogopa kitu kama hicho huku ana mtoto mgonjwa mapajani, na aliiona aibu yenyewe, lakini hofu haikupungua kwa kuonewa aibu. Tausi aliporudi jioni aliambiwa tu kwamba daktari kasema mtoto alishwe kwa saa.

*

Wiki ile kulikuwa na arobaini mtaa wa pili, ya uzazi wa binti wa Bi Rehani. Wanawake walijaa uani chini ya turubai, wenye wajukuu wakiwa nao. Bi Siwema alikaa karibu na Bi Somoe, shoga yake tangu usichana, ambaye ukuta wa ua wake ndio ukuta wa ua wa Bi Siwema. Walichezwa unyago mwaka mmoja, waliolewa mwaka mmoja, walinenepa pamoja na wakaanza Kinai pamoja.

Pilau likaja na nyama yake na kachumbari yake. Wanawake walinawa, wakachota kila mmoja tonge moja la heshima, wakasema mashallah, mkono wa mpishi umebarikiwa, na masinia yakarudi jikoni karibu kama yalivyokuja. Siku hizi shughuli hupikiwa macho. Bi Rehani mwenyewe, aliyekesha anapika, hakukasirika. Naye alikula tonge moja.

Lililomshtua Bi Siwema lilikuwa jingine. Alikumbuka shughuli za zamani, jinsi msomaji wa maulidi alivyolazimika kupaza sauti ishinde vilio vya watoto, maana harufu ya nyama ikipita tu, kila mtoto alidai haki yake. Leo msomaji alisoma kwa sauti ya chini na kila herufi ikasikika. Watoto walikuwepo, kila paja na mtoto wake. Walikaa wakitazama masinia yakipita, hawanyooshi mkono. Mmoja tu alikuwa akilia, mtoto wa mwalimu mmoja aliyehamia kutoka Njombe na asiye na mama wala mkwe huku. Wanawake walikuwa wakimwangalia kwa jicho la pembeni, na mmoja akasema chini chini kwamba watoto wa kulelewa na vitabu hawana adabu.

Kando yake, Bi Somoe alitafuna kipande cha nyama, akakitoa, akamtia mjukuu wake Hidaya mdomoni. Hidaya alikishika kwa fizi zake na kumtazama bibi yake kwa utulivu.

Bi Siwema alimvuta shoga yake nyuma ya nyumba, penye masufuria, na kumweleza yote aliyoambiwa. Bi Somoe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkata kauli.

"Unafikiri sijui?" alisema. "Nimejua kabla yako. Mtoto wa miezi tisa hajawahi kunililia kitu, nami nimelea sita. Nitakosaje kujua?"

"Na bado unamtafunia?"

"Si wameshaingia? Nikiacha, watatoka?" Bi Somoe alijishikilia kwenye ukuta na kuinua gauni kidogo. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havikuwepo; vilikatwa kabla ya Kinai, wakati sukari yake haishikiki, na daktari wa siku hizo alikwisha kuchora mstari wa bluu chini ya goti, aliposimamishwa na kidonge. "Huu hapa mguu wangu. Unatembea. Hidaya anakula, kengele ikilia ninampa. Zamani watoto walikufa na njaa wakilia, huyu ataishi na shibe bila kulia. Nionyeshe dhambi iko wapi."

 Kusema kweli Bi Siwema alitamani kushindwa katika mabishano yale, maana kushindwa kungempumzisha. Alisema tu kwamba wao si wa milele, na siku watakapoondoka nani atakuwa anawasikilizia wale watoto kengele.

"Mama zao."

"Wakichoka?"

"Mama hachoki," alisema Bi Somoe, na wote wawili walijua kwamba huo ni uongo wanaoambiwa watu siku ya arusi. Kisha akashusha gauni lake. "Siwema, ukienda kusema, jua mguu wangu unaukata wewe. Nakwambia mapema ili usije ukasema hukujua."

*

Bi Siwema akanyamaza. Alimwekea mjumbe kengele za kumlishia Nasibu, mchana na usiku, na kila ilipolia aliamka. Tausi alisaidia za usiku alipoweza, lakini kiwanda kilimtaka alfajiri. Uji ulionjwa kwa mgongo wa mkono na ndizi ilipondwa kwa uma. Nasibu alimeza akikumbushwa, akasahau akiachwa, na kijiko kimoja kilichukua muda wa kusali rakaa mbili. Uzito wake ukasimama. Haukushuka tena. Daktari aliyekuja kuwatembelea alisema hilo si haba, na hakuuliza kitu kingine.

Mwili wa Bi Siwema ukauzoea uchovu wa namna mpya, uchovu wa kuwa tumbo la mtu mwingine. Akikaa, anahesabu saa. Akiswali, sikio liko mkononi. Wakati mwingine alimtazama mjukuu wake na kumwonea wivu, kisha akajichukia kwa wivu huo, maana yeye alikuwa na umri mzima wa kuijua njaa kabla ya kuikimbia, na huyu hakupewa hata nafasi ya kuikataa.

Siku moja ya joto alimlaza Nasibu kwenye mkeka sebuleni baada ya kumlisha asubuhi, naye akajinyoosha kando yake kupumzisha mgongo. Mjumbe alilia adhuhuri, hakumsikia. Akalia tena, hakumsikia. Aliyemwamsha ni Tausi, kwa kumshika bega, na jua lilikuwa limeshahama ukuta.

Nasibu alikuwa macho. Alikuwa amelala chali palepale alipolazwa, midomo imekauka na kuchanika pembeni, nepi kavu. Hakuwa amelia wala kujigeuza kumtafuta mtu. Alikuwa anaangalia dari kwa utulivu uleule uliosifiwa na mtaa mzima, na alipomwona bibi yake alitabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililomvunja. Bi Siwema alikuwa amelala mara nyingi maishani akiwa na watoto kando, na siku zote waliamsha nyumba. Mtoto amepewa kilio ili aliyechoka aamke. Mungu alijua kwamba walezi watachoka. Huyu kilio chake kilikuwa kimeliwa, na yeye ndiye aliyewakaribisha walaji. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisicho na mpangilio, huku Tausi akimdondoshea mtoto maziwa kwa kijiko tone kwa tone.

Mtoto alipopata nguvu ya kumeza vizuri, Bi Siwema alimweleza binti yake kila kitu: maswali ya kliniki, kidole, njia mbili, na hofu yake. Alingoja agombezwe. Tausi alimfuta mtoto mdomo.

"Mama, nilikuona ukimtafunia," alisema. "Kila siku nilikuona. Sikusema kitu kwa sababu na mimi nilitafuniwa."

"Nikisema, kidonge kinakwisha. Na mguu wa Somoe."

"Najua."

"Na mimi nitarudi vilevile, mwanangu. Unanikumbuka nilivyokuwa?"

"Nakukumbuka," alisema Tausi. "Nilikupenda hivyohivyo."

*

Alisema. Katika chumba cha Daktari Nandonde, mbele ya ukuta wenye sura za watu wa kampuni walioko mbali, alionyesha kidole chake kama alivyokionyesha mara ya kwanza. Walimwuliza kwa njia nyingi kama hakuna aliyempa mtoto kidonge, na kwa njia zote alijibu kwamba alimlisha kwa mdomo wake, kama walivyolishwa wao na mama zao. Mmoja alimwuliza kwa nini hakufuata maelekezo. Alimjibu kwamba aliyafuata. Hakuna aliyemtajia mjukuu. Baada yake walikuja mabibi wengine, kanga zimefunika nyuso, mmoja mmoja, na wote walionyesha kidole kilekile. Bi Somoe hakuja.

Kinai ikasimamishwa. Daktari Nandonde alivua bangili yake siku hiyohiyo na kuitupa kwenye ndoo ya takataka ya chumbani kwake, akabaki ameitazama.

Njaa ilirudi pole pole kwanza, ikabisha hodi kama mgeni mwenye haya, halafu ikaingia na mizigo yake yote. Bi Siwema alikula kisamvu, akala mizizi ya ming'oko ya kuchemsha, akala makombo ya Tausi, na njaa ikabaki imekaa pale pale. Aliamka nayo na kulala nayo. Mtaani hawakumcheka. Ingekuwa afadhali wangemcheka. Walikuwa na njaa wote, na kila mwenye njaa alijua nani wa kumshukuru. Akipita sokoni watu walinyamaza, na mchuuzi wa maandazi alimwambia waziwazi kwamba yeye mchuuzi peke yake ndiye aliyenufaika na ujasiri wa Bi Siwema. Upande wa pili wa ukuta alimsikia Bi Somoe akitembea kwa fimbo, hatua nzito, hatua nyepesi. Walikwisha kusemezana juu ya ukuta ule miaka mingi. Sasa alisikia fimbo tu.

Dawa ya kufukuza ilifika mvua za vuli zilipoanza, maji meupe machungu ya kunyweshwa kwa bomba dogo lisilo na sindano. Mabibi na watoto walinyweshwa pamoja, wasije wakarudishiana. Nasibu aliharisha, akanyong'onyea, akapona, na akabaki mpole vilevile. Daktari alisema wapangaji wametoka, mashine imethibitisha, lakini mwili wa mtoto haujawahi kusikia sauti ya njaa na hakuna ajuaye utachukua muda gani kuitambua. Pengine siku. Pengine usiitambue. Waliendelea na kengele. Bi Siwema alimlisha mjukuu wake huku tumbo lake mwenyewe likinguruma, na mara nyingine aliomba, bila kujua kama ni ombi halali, kwamba Mungu amgawie yule mtoto sehemu ya njaa yake, maana anayo ya kutosha watu wawili.

Ilikuwa baada ya alasiri, Tausi yuko bombani anafua, Bi Siwema amemkalisha Nasibu kwenye mkeka uani na kwenda jikoni kupakua wali. Alisikia sauti ambayo mwanzoni alidhani ni ya paka. Akaweka upawa chini. Nasibu alikuwa amekunja uso, ngumi mbili zimefungwa, mdomo wazi mpaka kaakaa linaonekana, na sauti ilikuwa inatoka kwake, mbovu, yenye mikwaruzo, ikikatika na kuanza upya. Alikuwa anatazama sufuria.

Tausi alikuja mbio na mikono yenye povu, tayari anafungua vifungo vya blauzi. Bi Siwema, ambaye hajawahi katika maisha yake kumwacha mtoto alie, alimzuia kwa mkono.

"Mwache kidogo," alisema. "Mwache ajisikie."

Wakasimama wote wawili wanamsikiliza, Tausi akicheka na machozi yakimtoka. Ndipo mlango wa ua ukasukumwa. Bi Somoe aliingia kwa fimbo yake, mguu wa kushoto umefungwa bendeji nene mpaka juu ya kifundo, Hidaya mgongoni ndani ya kanga. Hakutoa salamu. Alikuja mpaka mkekani, akajishusha kwa taabu akishika ukuta, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akafungua kanga na kumtoa mjukuu wake, mkimya, macho matulivu.

"Huyu bado," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kabisa. "Amekunywa dawa siku moja na wako. Bado."

Bi Siwema akautazama mguu ule.

"Sogeza wako, nimlaze wangu hapo karibu naye," alisema Bi Somoe. "Ukimya waliambukizwa. Pengine na kilio kitaambukiza."

Bi Siwema akamsogeza Nasibu, ambaye alikuwa amepandisha sauti kwa hasira ya kucheleweshewa. Hidaya alilazwa kando yake. Aligeuza shingo, akautazama kwa makini ule mdomo uliofunguka wa mwenzake, na wanawake wawili wenye njaa wakashikana mikono juu ya mkeka kumngoja.